Kula ya Mama Kui

Dinah Nakhumicha, Mama Joy, hutengeneza chakula cha kuku pale Kibomet, Kitale, na usidhani ni mpole. Mwambie kuku wako wamekataa chakula chake, atakuuliza wewe huwapa maji saa ngapi. Ila kuchanganya kwa sepetu kulikuwa kumemmaliza mgongo. Alitaka mashine.

Sacco ilikubali kumkopesha, mradi aweke rehani hati ya shamba la Matulo, alikozikwa baba yake. Kuku wafe wasife, kila mwezi alipe. Kila akiiwazia hati ile, usingizi ulimpaa.

Ndipo akatokea Waruguru, Mama Kui, mwenye duka la dawa za mifugo mjini. Yeye angetoa pesa bila rehani wala malipo ya mwezi. Baada ya miaka miwili pesa hizo zingegeuka kuwa hisa katika kampuni ya Dinah. Dinah akamtuma kakake Wangila, mkulima wa Tongaren, akasikilize masharti. Jioni Wangila akapiga simu.

"Ni sawa tu, dada. Ila pesa ikigeuka, ati Mama Kui atakuwa na kula mingi kukushinda."

"Wacha akule," Dinah akasema. "Si pesa ni yake?"

Siku ya kutia sahihi, kwa wakili, Mama Kui akamwambia kwa upole, "Tukikosana tutapiga kura. Zangu zitakuwa nyingi, lakini mimi siwezi kukutoa kwa kampuni, Mama Joy."

Kalamu ilisimama. Dinah akamgeukia kakake.

"Ulisema kula."

"Si ndiyo hiyo, dada. Kula. Ya kupiga."

Ulimi wa kwetu huo unaogeuza “r” kuwa “l”, jamani, nusura umtoe mtu kwenye biashara aliyoianza na debe moja la mahindi. Dinah akaweka kalamu chini.

"Mama Kui, faida ikipatikana utakula, fungu lako siligusi. Lakini kura zibaki zangu. Kama hutaki, narudi sacco na hati ya baba."

Mama Kui alicheka hadi miwani ikamshuka puani. "Hizo kura nitapeleka wapi, bana? Ni wakili aliziweka. Mimi nataka kukula."

Wakili akaandika upya, wakatia sahihi. Nje, Wangila akamuuliza nani amepata nini.

"Mimi kura, Mama Kui kula."

Wangila akakuna kichwa. "Si ni kitu moja?"

Dinah akacheka mpaka machozi. Hati ya Matulo ilikuwa bado kwenye sanduku la mama yake.