Damu Iliyosingiziwa Kiti

Hanang nzima hakuna aliyeendesha kombaini kunishinda mimi. Aliyenifuata kwa karibu alikuwa Basili Akonaay wa Mogitu. Nasema alinifuata. Angekuwa hai angebisha.

Ilikuwa mwaka 1983, mashamba ya ngano ya serikali yakiwa makubwa, ukisimama upande huu huoni mwisho. Mavuno yakianza tulikalia kiti cha chuma tangu umande ukauke mpaka giza liingie. Kwa hiyo dereva akiona damu chooni, jibu lilikuwa tayari: ni kiti, bawasiri hiyo. Hata mimi niliyeishia darasa la tano niliitoa hukumu hiyo kwa sauti ya daktari.

Basili aliniambia siri yake tukipaka mashine grisi. Damu ilikuwa imechanganyika na haja kubwa, kwa miezi minne sasa. Mara afunge choo siku tatu, mara aharishe.

"Kalia ngozi ya kondoo," nikamwambia. "Makalio yako laini kama ya karani."

Akacheka. Akaikalia ngozi.

Mkewe, Fabiola, ndiye aliyeona suruali inamshuka kiunoni, akampeleka zahanati ya shamba. Mganga, bwana mpole aitwaye Pascal, akasema lazima ampime kwa kidole huko nyuma, kisha amwandikie barua ya hospitali. Basili akaahidi kurudi kesho yake, akaja kunieleza.

Wajomba zangu mnaonisikiliza, hapa sijisifu. Niliipeleka habari karakana. "Basili anaposwa na Pascal," nikawaambia mafundi, wakagonga spana kwenye mapipa kwa kucheka. Tangu siku ile hakuna aliyempita bila kumuuliza mahari ni ng'ombe wangapi. Zahanati hakurudi. Fabiola akanifuata nyumbani, akakataa hata kukaa.

"Shemeji, wewe anakusikia. Mwambie aende."

"Mavuno yakiisha, shemeji. Bawasiri haiui mtu."

Mavuno yakaisha, tukapanda, yakaja mengine. Ndipo choo kikafunga kabisa, tumbo likavimba, na Basili akaanguka akishuka ngazi ya kombaini. Hospitali ya misheni wakampasua. Daktari akatuita, mimi na Fabiola: kansa ya utumbo mpana, imeshafika kwenye ini. Alisema mara nyingi huanza kama kinyama kidogo kisichouma, hukaa miaka kabla ya kugeuka kansa. Kikionekana mapema hukatwa, mtu akarudi kazini kwake. Akauliza mgonjwa alianza kuona damu lini.

Fabiola alinitazama mimi.

"Mwaka jana," nikasema. "Kabla ya mavuno."

Daktari akaandika. Kisha akasema ndugu wa damu nao wachunguzwe, maana ugonjwa huu wakati mwingine hutembea ndani ya ukoo.

Basili tulimrudisha Mogitu, akaishi wiki tano. Alikuwa mwepesi, namgeuza kitandani kwa mkono mmoja. Siku moja akanishika kidole.

"Sulle," akaniita, "Gervasi mdogo wangu naye anaona damu. Anaogopa vicheko vyenu. Umpeleke mwenyewe, usimtume."

Tukamzika. Baada ya matanga nikamfuata Gervasi, tukapita mbele ya karakana. Mafundi waliinamia kazi zao. Mlangoni kwa Pascal akasimama.

"Inauma?"

"Sijui. Sijawahi kupimwa."

"Basi tangulia wewe."

Nikatangulia.