Daftari la Maadui

Wanafunzi wa chuo cha kilimo cha Rwamikore, juu kidogo ya Kirolirwe, walimwita Mama Maadui, naye aliitika bila kukunja uso. Jina lake ni Adelaïde Mukandori. Alizaliwa kwenye vilima hivyo hivyo, binti wa walima maharage na mihogo. Alisoma chuoni hapo, na alipomaliza mkurugenzi wa wakati ule akamwomba abaki kutunza arshivu, kumbukumbu za chuo, kwa kuwa alikuwa na mwandiko mzuri na hakuwa na maneno mengi. Akabaki. Aliolewa akiwa hapo, akafiwa na mume akiwa hapo, na mvi zikamkuta hapo, katika chumba chenye dirisha moja linalotazama malisho ya ng'ombe.

Vitabu vingi vya chumba kile aliviandika akiwa ameketi. Kimoja alikiandika kwa miguu. Kila msimu alivaa bote za mpira, akashuka mashambani, kuanzia Burungu hadi kule msitu wa Walikale unakoanzia, akichungulia mimea ya watu. Akikuta kitu kinachoila, aliandika: adui gani, shamba la nani, shambulio la nguvu gani, hasara kiasi gani. Mwisho wa mstari mkulima alitia sahihi, na asiyejua kuandika alibonyeza kidole kwenye wino wa zambarau.

Kwenye jalada palikuwa na maneno ya Kifaransa kwa rangi nyeusi: Registre des ennemis des cultures, yaani daftari la maadui wa mimea. Mwaka mmoja mchwa walipanda kabatini, wakala pembe ya chini ya jalada na kwenda zao na maneno mawili ya mwisho. Likabaki daftari la maadui, basi. Walimu walicheka sana. Mmoja alisema adui amekuja mwenyewe kujiandikisha. Mama Adelaïde naye alicheka, akaliacha jalada lilivyo. Laiti angejua.

Vita vilipokaribia, masomo yalifungwa. Madarasa yakajaa familia zilizokimbia kutoka vijiji vya chini, na mabati yaliyotobolewa na risasi yakaanza kuvuja juu ya kabati la arshivu. Mkurugenzi, ambaye alikuwa ameshakimbilia Kitshanga, alimpigia simu. Padri wa paroisse, parokia ya Kitshanga, amewapa chumba kikavu, alisema. Alete palmarès zote, vile vitabu vya matokeo tangu wanafunzi wa kwanza. Zikipotea hizo, kila aliyesoma Rwamikore atakuwa hakusoma. Hakuna atakayeweza kumthibitishia cheti chake, awe daktari wa mifugo au mwalimu.

Alizifunga kwa kipande cha shitingi, lile turubai la plastiki, akazishindilia katika mfuko. Juu palibaki nafasi kidogo. Hakuna aliyekuwa amelitaja daftari la maadui, lakini alilitazama likiwa peke yake kwenye rafu tupu, akalichukua, akalilaza juu ya matokeo ya watu.

Aliyembeba alikuwa Hakorimana, motari wa Kirolirwe, mwendesha pikipiki asiyeweza kunyamaza hata kwenye matope. Alipoupima mfuko kwa mkono aliuliza kama ni viazi. Alipoambiwa ni karatasi, alisema wengine wanakimbia na magodoro, wengine na mbuzi, na yeye kwa bahati yake amepata mteja anayekimbia na alama za mtihani.

"Mama, na mimi nilishindwa sita ya primeri," alisema. "Ile nayo iko humu ndani?"

Mama Adelaïde alitabasamu mgongoni kwake. Tabasamu hilo lilidumu mpaka walipoiona barrière, kizuizi cha njiani.

Ilikuwa mti wa mwanzi uliolazwa juu ya mawe mawili, kabla tu ya kufika Burungu. Vijana wenye silaha walikaa chini ya turubai, wengine wakiwa na bote kama zake. Walikuwa wa upande gani hakuuliza. Siku hizo aliyeuliza hilo ndiye aliyetazamwa vibaya. Waliamriwa kushuka na kufungua mfuko.

Mmoja alijua kusoma. Wenzake walimwita Secrétaire, yaani katibu, kwa kuwa alifika darasa la tatu la sekondari huko kwao Walikale. Alifungua palmarès ya mwanzo, akaanza kuwasomea wenzake alama za watu asiowajua, na mambo yalikuwa mazuri. Aliposoma kwamba mtu aitwaye Nzabandora alipata nne juu ya ishirini katika ufugaji wa mbuzi, mmoja alisema huyo ni mjomba wake, na sasa ameelewa kwa nini mbuzi wake wote walikufa. Wakacheka. Hakorimana alicheka kuliko wote, mkono wake ukiwa tayari kwenye usukani.

Kisha Secrétaire akatoa daftari la Mama Adelaïde, akasoma jalada, na hakucheka tena.

"Mama, hii iko nini?"

"Kitabu ya chuo."

"Naona. Inasema daftari ya maadui. Maadui ya nani?"

Alieleza kwa sauti ndogo, kama alivyoeleza kila kitu maishani, kwamba palikuwa na maneno mengine pale chini na yaliliwa na mchwa. Secrétaire aliwageukia wenzake, akawauliza kama wamewahi kuona mchwa anayejua Kifaransa, anayechagua neno la kula na neno la kuacha. Alifungua ndani. Alisoma kimya, midomo ikicheza, halafu akaanza kuwatafsiria. Légionnaires wameonekana Burungu. Légionnaires wameonekana Kirolirwe, wanatoka usiku, wako wengi. Shambulio kali. Na kila mstari ulikuwa na jina la kijiji, jina la mtu, na pengine alama ya kidole.

Mama Adelaïde aliyasikia maandishi yake yakitoka kinywani mwa mtu mwingine, akaona jinsi yanavyosikika. Hata yeye angejishuku.

Hakorimana alimsogelea kana kwamba anakagua tairi, akamnong'oneza aseme kwamba mfuko ule alipewa tu, hajui kilichomo, na waende. Lilikuwa neno jepesi. Na huenda lingewatosha: wangelichoma daftari, wakaziachia palmarès zipite. Mama Adelaïde mwenyewe ndiye aliyeiweka roho ya yule motari na vyeti vya watu wote katika hatari kwa ajili ya kitabu ambacho hakuna aliyekiomba.

"Nani aliandika?" Secrétaire aliuliza.

Alizitazama herufi zake, zilizosimama wima kama maharage kwenye miti yake. "Mimi njo niliandika," alisema.

Walimnyang'anya simu. Komanda akaitwa kutoka nyumba ya mbao iliyokuwa nyuma ya turubai. Alikuja akiwa amejifunika koti kubwa, mtu ambaye hajafika miaka thelathini na ambaye hakuwa na haraka. Secrétaire alimpa habari akiwa amesimama wima: mwanamke huyu anaandika mahali askari wanapopita, na watu wanaowaficha wameweka vidole. Kwa maoni yake mfuko uchomwe wote, na wawili hawa wapandishwe kilimani. Watu waliopandishwa kilimani, njia nzima ilijua kwamba hawakuwa wakiulizwa tena habari zao.

"Soma," Komanda alisema.

"Chenille légionnaire," Secrétaire alisoma. "Chenille ni ile minyororo ya chini ya magari ya vita, Komanda. Na légionnaires ni bale baaskari ba kulipwa, bazungu."

"Hapana," Mama Adelaïde alisema. "Chenille ni mududu. Ni kiwavi, mududu wa mahindi."

"Mududu gani anaitwa askari?"

Alijibu kama alivyowajibu wanafunzi msimu hadi msimu, maneno yakimtoka kwa mazoea. "Banamuita vile sababu anatembea kwa makundi. Mahali anapita anakula yote, hapandi, halafu anaenda kwa shamba ya mwengine."

Hapo ndipo aliposikia alichokisema. Vijana walikuwa wakimtazama, mmoja akiwa na hindi la kuchoma mkononi. Hakorimana alifumba macho. Mtu mmoja alikohoa, na ukungu ukashuka taratibu juu ya barabara, na Mama Adelaïde akajikuta anafikiria palmarès, kwamba afadhali wangezitoa mfukoni kabla ya kuwasha moto.

"Soma majina," Komanda alisema.

Secrétaire alipitisha kidole chini ya ukurasa. "Dusabimana, Burungu, shambulio kiasi. Muhawenimana, Burungu, shambulio kali. Mukasine, Burungu, pembeni ya mto. Shambulio kali sana. Hasara yote." Akainua uso. "Huyu njo aliwalaza wengi, Komanda. Tukamutafute?"

Secrétaire alikuwa mtu wa Walikale. Hakuwajua wa Burungu. Lakini wawili watatu miongoni mwa vijana walitazama chini, na Komanda akanyoosha mkono, akalichukua daftari, akalishika karibu na uso kama mtu asiyeona vizuri.

"Hii ni nini?"

"Kidole yake," Mama Adelaïde alisema. "Hakujua kuandika."

"Ni mama yangu."

Hapo kumbukumbu ilimjia, ikaja nzima. Mwanamke mrefu mwenye kitambaa cha njano, amesimama katika mahindi yaliyotobolewa kama chujio. Alipopewa kile kibweta cha wino aliuficha mkono nyuma, akauliza ameiba nini, maana yeye alijua kwamba kidole kinabonyezwa kwa polisi tu. Halafu alicheka mwenyewe, akabonyeza kwa nguvu, alama ikatoka nene. Na pembeni yake palikuwa na kijana mwenye kopo.

"Mulimupa nini?" Komanda aliuliza.

Angeweza kusema mbegu. Angeweza kusema dawa. "Hatukumupa kitu. Nilimwambia aweke majivu ndani ya moyo ya mahindi."

"Tuliweka. Mimi njo nilikuwa nabeba majivu."

"Haikusaidia. Nimeandika pale."

Komanda aliufuata mstari kwa kucha mpaka mwisho, mahali palipoandikwa hasara yote. Kisha, bila kumtazama mtu, alisema kwamba mwaka ule ndio aliacha masomo. Mama yake alikuja kufa njiani baadaye, wakati wa kukimbia, wakamzika pembeni ya barabara wakaendelea. Hakuna picha. Kadi ya uchaguzi ilipotea. Alikwisha kuushika ukurasa kwa pembe ya juu, na uzi wa jalada ulianza kulia.

"Usichane, Komanda."

Sauti ilitoka kubwa, na kila mtu aligeuka kuona ni nani. Alikuwa yeye. Secrétaire alipiga hatua, na Hakorimana akasema polepole "Mama, tafazali," lakini Mama Adelaïde hakuweza kurudi nyuma tena. Alisema Dusabimana naye yumo katika ukurasa huo, na Muhawenimana, na upande wa nyuma wamo watu wa Kirolirwe. Nao walipoteza mahindi. Hakuna mahali pengine palipoandikwa kwamba walipoteza. Ukurasa ukitoka, ni kama mwaka ule walivuna.

"Uniache niandike ingine kwanza," alisema. "Halafu utafanya unachotaka."

Komanda alimwangalia, kisha akaangalia mvua iliyokuwa ikija kutoka upande wa Kitshanga. Akaketi juu ya jiwe moja la barrière.

"Andika."

Aliandika kwenye karatasi tupu iliyochomekwa ndani ya daftari, akiwa amepiga magoti kwenye nyasi, daftari juu ya mfuko, kalamu ikiteleza kwa jasho. Vijana walimzunguka, na yule wa hindi alimshikia shitingi juu ya kichwa bila kuambiwa. Alinakili majina na hasara, upande wa mbele na upande wa nyuma, bila kuruka hata koma. Alipofika penye kidole kalamu ilisimama. Hicho hakikuwa na herufi za kunakili.

Alimpelekea Komanda karatasi mpya. "Chukua hii. Iko sawasawa. Uniachie ile."

Komanda aliisoma yote, taratibu, kisha akamrudishia.

"Hii iko na mukono yako, Mama," alisema. "Ile iko na mukono yake."

Tangu Mama Adelaïde aliposhika kazi hiyo hakuna kitu kilichowahi kutoka katika kitabu chake isipokuwa kwa meno ya mchwa. Akaufungua uzi kwa ncha ya pini ya kitambaa chake, akautoa ukurasa mzima bila kuupasua, akaukunja pale ambapo mkunjo hautapita juu ya wino, na kuufunga katika kipande cha shitingi. Alimpa kwa mikono miwili. Komanda aliuingiza ndani ya koti, upande wa shati, akamwambia Secrétaire amrudishie simu na kuufunga mfuko, tena aufunge vizuri.

Mwanzi uliinuliwa. Pikipiki ilikuwa imeshawaka Komanda alipopaza sauti nyuma yao.

"Mama. Ile maneno mchwa balikula, uandike tena. Wengine hawana mama Burungu."

Hakorimana hakusema neno mpaka Kitshanga, na huko hakutaka hata kushuka kunywa maji. Aliupokeza mfuko mlangoni mwa paroisse, akasema kwamba safari nyingine abebe viazi.

Chumba kilikuwa kikavu kweli, kinanukia chokaa. Mama Adelaïde alizipanga palmarès kwenye meza kwa mwaka wake, mvua ikipiga bati ambalo halikuwa na tundu. Kisha akaandika kwenye jalada, chini kabisa, kwa herufi kubwa, maneno mawili yaliyokosekana.

Ilibaki karatasi mpya. Kanuni ya arshivu ni kwamba kitu kisichokuwepo lazima kiandikwe kiko wapi. Aliifunga kwa uzi mahali pake, akaweka kalamu katika nafasi tupu mbele ya jina la Mukasine. Alifikiria kuandika imepotea. Alifikiria imenyang'anywa, na mkurugenzi angeelewa, asingeuliza zaidi. Hakuna lililokuwa kweli. Mwishowe aliandika, kwa ule mwandiko wake uliosimama:

Nakala. Ya asili iko kwa mwenye shamba.