Shingo Tatu, Dawa Moja

Mwanangu, picha ya shingo yako imefika kutoka Kitale, nami nimeikuza kwenye simu mpaka kidevu kikatoka nje ya kioo. Vipele nimeviona. Unasema jirani yako hapo mtaani Tuwan amekupa krimu iliyomponya yeye, unataka kujua kama upake. Subiri kidogo, krimu haikimbii. Umenikumbusha siku zile hapa Bumula, nikiwa msichana wa shule, nyumba yetu ilipokuwa na shingo tatu zenye vipele.

Mimi ni mdadisi tangu utotoni. Kanisani nilipenda kukaa nyuma, si nisinzie kama wewe, bali nitazame shingo za watu. Macho hayana pazia. Basi nilijua kwamba babu yako, yaani baba yangu, alikuwa na vipele vigumu chini ya kidevu, pale wembe ulipopita. Mimi nilikuwa na vijipele vya kuwasha kuzunguka kola ya sweta. Nyanya yako, mama yangu, alikuwa na visunzua, vile vinyama laini vinavyoning'inia, na ngozi ya shingo yake ilikuwa imegeuka nyeusi na nene.

Kwetu kisunzua kilifungwa kwa unywele wa mkia wa ng'ombe, ukakazwa kila asubuhi mpaka kinyama kikauke, kianguke. Kimoja cha mama kilianguka na nyumba nzima ikafurahi. Baba akaona dawa imepatikana. Akavifunga vipele vyake pia, ila kwa kuwa havikushikika alivibana kwanza kwa kucha, navyo vikatunga usaha. Kwangu hawakupata cha kufunga, kwa hiyo nikazungushiwa singa, huo unywele wa mkia, shingo nzima kama mkufu, nikaenda shule nikijikuna.

Hayo yalikuwa ya kuchekesha. Ya mama hayakuwa. Vinyama vingine vilizidi kuota, na ule weusi aliudhani uchafu, akawa anausugua kwa jiwe la miguu hadi ngozi ikachubuka. Aliacha kwenda maombi ya kina mama, wasije wakasema haogi. Nilikuwa nikimwona amejifunga leso shingoni hata akiwa jikoni, na moyo wangu ukiuma.

Ndipo shangazi yangu, sisi humwita senge, akaja kututembelea kutoka Lwakhakha. Alituweka mlangoni penye mwanga, mmoja baada ya mwingine, akawa anauliza maswali kuliko mwalimu. Baba alinyoa vipi? Kutoka chini kwenda juu, kinyume cha ndevu, kwa wembe mkuukuu. Mimi nilijikuna wakati gani? Kila nikivaa sweta. Hapo senge alicheka, maana sweta lenyewe la sufu alinunua yeye. Kisha akaigeuza ile singa mkononi.

"Ati shingo tatu, dawa ni moja?" akasema. "Si hata ng'ombe mwenyewe atatushangaa."

Mama alipofungua leso, senge hakucheka tena. Hakuuliza habari ya vinyama. Alimuuliza kama ana kiu, kama anachoka bure, kama anaamka usiku kwenda haja ndogo. Mama akaitikia yote, akashangaa wifi yake ameyajuaje. Senge alikuwa na jirani aliyeanza na shingo ya namna hiyo, naye alichelewa sana kupimwa. Baba akasema vinyama ni vinyama tu, hakuna mtu huenda hospitali kwa ajili ya vinyama, tena mahindi yanangoja palizi.

"Ndugu yangu, hizo vinyama zikikaa hazina shida," senge akamjibu. "Mimi naulizia mwenye shingo."

Kesho yake walimpeleka hospitali Bungoma. Damu ilipopimwa, ilikuwa ni ugonjwa wa sukari, na daktari akasema ni vizuri wamekuja mapema. Kila asubuhi baba alikuwa akiukaza ule unywele kwa mkono wake mwenyewe, na hakuwahi kumuuliza mama anaendeleaje.

Sasa nikujibu. Vipele vyako naona ni vya babu yako. Upumzishe wembe, na ukirudi kunyoa fuata ndevu zinakolala, wala usivibane. Krimu ya jirani ibaki kwa shingo ya jirani. Lakini picha haisemi yote. Jipapase mwenyewe. Ukikuta uvimbe chini ya ngozi, mgumu au unaokua, usiotaka kuondoka, au ukiona homa na mwili kupungua, usinitumie mimi picha, nenda hospitali. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na siku utakapomwona mwenzako ana kitu shingoni, usikimbilie kumpa dawa wala kumcheka. Muulize kwanza mwili wake mzima unaendeleaje.

Nyanya yako anakusalimu. Yuko hapa karibu nami na kikombe chake cha chai kisicho na sukari, na mpaka leo hajaizoea, kila akipiga funda ananuna. Mungu akulinde huko uliko, mwanangu, akupe mtu wa kukuuliza hali, na akujalie uzee mrefu wa kununia chai kama yeye.