Rubisi yangu ya kwanza: Kaagya, miaka ya Juliana, na kibanja kilichotaka kuondoka

Wakuu, walionizidi umri shikamooni, wengine mambo vipi.

Jana kuna kijana kafungua uzi hapa anauliza aanzeje kutengeneza bia nyumbani kwa partial mash. Mkamjaza thermometer, hydrometer na kit ya kuagiza nje. Nimesoma page zote nikacheka peke yangu jikoni.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na kitu, Mhaya wa Kaagya, Bukoba Vijijini. Partial mash nimefanya kabla sijajua kwamba ina jina la Kizungu. Nitaeleza kama ilivyokuwa, chumvi sitaweka.

Vita ilitukuta nikiwa shule ya msingi. Ilipoisha, baba mkubwa hakurudi. Na mtumbwi wetu wa kukanyagia ndizi, wanajeshi waliopiga kambi pale nyumbani walikuwa wameupasua kuni. Baba alisema atachonga mwingine. Hakuchonga.

Ikaja ile miaka ya Ukimwi, ambao kwetu mwanzoni tuliuita Juliana, jina la nguo ya fasheni ya wakati ule. Mama akatangulia. Mwaka uliofuata akafuata baba. Nikabaki na bibi mzaa baba na wadogo zangu wawili. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Sasa kwetu, siku ya kuondoa matanga ukoo unakaa, mrithi anatajwa, na lazima inywewe rubisi ya ndizi za kibanja kile kile cha marehemu. Kibanja ndiyo shamba la migomba linalozunguka nyumba. Mrithi alikuwa mdogo wangu wa miaka saba, kwa hiyo swali lilikuwa nani atakitunza mpaka akue.

Baba mdogo Felician, aliyekuwa amehamia Kimwani kule Muleba, alikuja akatuambia wazi. Nyumba isiyoweza kupika rubisi imeshakufa, alisema. Siku ile ikifika hakuna pombe, kibanja anachukua yeye, bibi anahamia kwake, na sisi watoto tunagawanywa kwa ndugu.

Simsingizii, hakuwa mtu mbaya. Aliona kikongwe na binti, akaona hapa hakuna kitu.

Kwa ambao si wa kwetu: rubisi inatokana na ndizi zilizoiva, zile za pombe tunazoziita embire. Zinamenywa, zinakanyagwa pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti mpaka zitoe maji, kisha unatia unga wa mtama na kufunika. Kukanyaga ni kazi ya wanaume. Mwanamke kuingiza mguu kwenye mtumbwi ilikuwa mwiko, na mwiko kwetu haukuwa mchezo.

Nikaenda kuomba wanaume watatu wa jirani. Wa kwanza ghafla ana kidonda mguuni. Wa pili ana safari ya Nshambya, ambako hajawahi kuwa na ndugu. Wa tatu, Mungu amrehemu, ndiye aliyesema kweli. Akaniambia anaogopa kuweka nyayo zake zenye nyufa kwenye ndizi za nyumba yenye Juliana. Mtumbwi nao hakuna aliyekuwa tayari kutuazima, kwa sababu ile ile.

Nililia njia nzima. Nilifika nyumbani nikamwambia bibi yamekwisha.

Bibi alikuwa anamenya ndizi za mchana. Hata kisu hakukiweka chini.

"Koku, mwiko ni wa miguu," akasema. "Mikono nani kaikataza?"

Tukaanza. Embire tukazivundika shimoni, tukazifunika majani ya mgomba. Wakati zinaiva, nikafanya kosa langu kubwa. Gunia la mtama niliacha chini ya bati lililotoboka, mvua ikanyesha siku mbili, nilipofungua mtama wote umeota vimizizi vyeupe. Mtama mwingine hatukuwa nao. Nikajua nimeuza kibanja kwa uzembe.

Bibi akaunusa, akatafuna punje kadhaa, akasema mbona mtamu. Tukauanika. Nusu nikaukaanga kidogo upate rangi, nusu kuni zikaniishia nikausaga hivyo hivyo.

Wakuu, mtama ulioota ukakaushwa ndiyo malt yenyewe mnayoagiza kwa meli. Akili ni nywele, lakini siku nyingine hata bati bovu lina akili.

Unga ule bibi aliumwagia maji ya moto kwenye chungu. Thermometer yake ilikuwa kidole: kikivumilia kidogo tu, maji yako sawa. Akafunika na blanketi, akasema lisiguswe mpaka tumalize rozari nzima, matendo ya furaha, ya uchungu na ya utukufu. Kama saa moja hivi. Mwanangu anayepika bia leo nyumbani kwake anaweka alarm ya dakika sitini.

Siku hiyo nzima mimi niko kwenye beseni kubwa la bati alilonunua zamani kwenye duka la Mhindi pale Bukoba mjini. Nakamua ndizi na nyasi kwa mikono, beseni baada ya beseni, tangu asubuhi mpaka jua linainama. Viganja vilichubuka. Utomvu ukanifanya mikono myeusi mpaka kwenye viwiko.

Maji ya ndizi tukachanganya na ule uji mtamu wa mtama. Sukari nyingine ya ndizi, nyingine ya nafaka. Partial mash hiyo, kijana. Tukafunika, na siku ya pili yake chungu kilikuwa kinaongea chenyewe.

Siku ikafika. Watu walikuja ila walikaa mbali na vibuyu. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Bibi akachukua mrija, akanywa mbele yao, akamsogezea baba mdogo. Mkubwa wa ukoo hawezi kukataa kuonja, hapo mila ilitusaidia.

Akavuta kidogo. Akavuta tena, safari hii kwa muda mrefu.

"Nani amekanyaga hii?" akauliza.

"Hakuna aliyekanyaga, waitu," nikamjibu kwa heshima. "Nimekamua kwa mikono."

Nikamwonyesha. Aliitazama ile mikono mpaka nikaona aibu nikataka kuificha. Kisha akampa mrija aliyekaa kulia kwake, na yule akanywa, na wa pili yake pia.

"Kibanja hiki kina mtu," baba mdogo akasema. "Mimi narudi Kimwani."

Nilifurahi nikashindwa kula siku nzima. Wadogo zangu walikulia pale. Mrithi ana watoto wakubwa sasa, na migomba ile ile bado inazaa.

Nilichojifunza: ukiambiwa huwezi, uliza vizuri ni kitu gani hasa kimekatazwa. Mara nyingi ni miguu tu.

Kijana wa uzi wa jana, acha kungoja kit. Loweka mtama leo. Na Wahaya wenzangu mliomo humu, kwenu mama zenu walitumia mikono au walisubiri wanaume? Semeni tusikie.