Nilimwekea muadhini asiyeona saa inayosema, sasa hana kazi

Wakuu, habari za humu.

Haya sikusimuliwa na mtu. Yamenitokea mwenyewe, na sehemu zinazoniaibisha nimeziacha kama zilivyo.

Niliondoka Nyangwe, huku mashariki ya Kongo, asubuhi moja bila mpango wowote. Nilikuwa nimechoka kubeba samaki wa watu kutoka kwenye mitumbwi. Nikaona pikipiki inaelekea Kasongo ina nafasi moja nyuma, nikapanda. Ndivyo ninavyoishi tangu nilipoacha shule darasa la sita.

Kasongo nikapata chumba kwa mzee mmoja, Baba Sefu. Surua ilimpofusha akiwa mdogo.

Yeye alikuwa muadhini wa msikiti mdogo wa mtaa ule, usio na umeme wala kipaza sauti. Mwezi wa mfungo alikuwa na kazi ya pili: kupita njiani akigonga bidoni tupu, dumu la plastiki, kwa fimbo, awaamshe watu wale daku kabla ya alfajiri. Mkewe, Mama Zaina, aliniambia alipoolewa naye alimkuta tayari na bidoni lake.

Sasa mimi nina ugonjwa wa kuuliza. Mtu asiyeona anajuaje kwamba alfajiri imekaribia?

"Baridi inabadilika," akaniambia. "Kisha kuna ndege mumoja anaanza, mwenzake anamujibu. Na mbuzi wa huyu mama anakohoa."

"Mbuzi wangu hana kikohozi," Mama Zaina akasema kutoka jikoni. "Ni weye unakoroma unajisikia."

Tungeishia hapo, tukacheka, leo nisingekuwa na uzi wa kuandika.

Nilikuwa na simu ya pili, kioo kimepasuka vibaya. Kwake kioo si kitu. Nikaenda kwenye kibanda cha kuchajia simu, wakanirushia app ya saa kwa ajili ya wasioona. Unagusa kioo mara mbili, inatamka saa kwa Kifaransa. Ikifika saa kamili inajitamkia yenyewe, hata simu ikiwa mfukoni.

Simu ikaniuliza niko mji gani. Nikachagua Kinshasa, si ndiyo mji mkuu? Ikaonyesha saa moja nyuma, maana sisi wa mashariki tuko mbele ya Kinshasa. Badala ya kurudi kwenye orodha na kuchagua Lubumbashi, ambako saa ni kama yetu, niliisogeza tu mbele kwa mkono. Ikasoma sawasawa.

Nikajiona fundi.

Baba Sefu aliigusa siku ya kwanza labda mara mia. Alikuwa anacheka peke yake. Akaniuliza kitu kimoja tu:

"Na ikikosea?"

"Haikosei, baba. Hii ni mashine."

Wakuu, hilo jibu linanikera kuliko yote.

Wiki tatu mambo yalikwenda vizuri. Watu wakaanza kumsifu kwamba adhana yake sasa haipishani hata dakika. Mfungo ukaingia. Siku ya tatu ya mfungo simu ikazima, Mama Zaina akaipeleka kuchaji, akairudisha baada ya futari. Mzee akaiweka chini ya mto akalala.

Ilipowashwa kule kibandani, simu ilikuwa imerudi yenyewe kwenye saa ya Kinshasa. Hakuna aliyejua.

Niliamshwa na kelele. Mimi si Mwislamu, nilikuwa nimelala zangu. Nje kulikuwa kunapambazuka na watu wamesimama milangoni, wengine bado na ugali mkononi. Walikuwa wameamka kwa bidoni, wakaketi kula, mwanga ukawakuta katikati ya chakula. Mfungo wa siku hiyo umeharibika, mtaa mzima.

"Kipofu ametukulisha muchana!" mama mmoja alikuwa anapiga kelele.

"Saa ya kizungu hiyo," mwingine akadakia. "Kesho atatuitia adhuhuri na nyota."

Baba Sefu alisimama katikati ya njia na fimbo yake. Akawa anaigusa simu, inamjibu, anaigusa tena.

Nilielewa palepale. Na hapo ndipo nilipofanya ushenzi wangu: nikarudi ndani. Niliwaza watanipiga.

Kamati ya msikiti ilikaa mchana huohuo. Nilipopata moyo wa kwenda kueleza, walikuwa wameshamaliza, mzee ameondolewa kazini. Mwenyekiti alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu.

"Basi kosa ni lako," akasema. "Lakini tulimuweka yeye kwa sababu ya masikio yake. Kama anasikiliza simu, kila mutu hapa iko na simu."

Nikaaga nikatoka.

Jioni nikamwomba mzee radhi. Hakunitukana, afadhali angenitukana.

"Ndege nilimusikia," akasema. "Na mwenzake akajibu. Nikagusa simu, ikasema bado. Nikayaonea haya masikio yangu, mwanangu. Nikangoja."

Akanirudishia simu. "Ichukue. Sasa hata nikimusikia yule ndege, najiuliza kama ni yeye."

Mama Zaina hakuniaga.

Kesho yake nikapanda pikipiki ya kwenda Kabambare. Njia mbovu, tulisukuma zaidi ya tulivyopanda, tukalala njiani, Wamaza. Kabambare simjui mtu. Mama mmoja mwenye duka la sabuni na chumvi amenipa chumba nyuma ya duka, kuna kitanda na msumari wa kutundika nguo. Ameniuliza ninafanya kazi gani. Nimesema natembea tu.

Nimekaa kitandani, nimeingia kwenye settings, nimechagua Lubumbashi. Kazi ya nusu dakika. Sasa inasema saa ya kweli, na inamwambia mtu mwenye macho mawili.

Nilichojifunza: ukimsaidia mtu, kwanza jua anachokiweza tayari. Mimi nilikiona kama pengo la kuziba.

Wenye wazazi au ndugu wasioona, ninyi mnafanyaje? Mtu akishaacha kuyaamini masikio yake, yanarudi? Anayejua aandike. Mwenye matusi pia aandike, nitasoma yote.