Vigari vya Kamba Moja

Mimi si mtu wa kunyamaza nikionewa, na siku ile nilionewa mchana kweupe. Tajiri wetu, Hajji mwenye ghala la bidhaa za jumla pale Mbarara, alituita sisi wanawake tuliokuwa tukiwatolea wenye maduka mizigo yao, akasema tunamcheleweshea lori.

"Nyinyi wamama, hii kazi inataka nguvu," alisema. "Idi ikiisha, mimi naweka vijana ya soko. Nyinyi mtarudi Nakivale."

Kurudi Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, kwangu kulikuwa kurudi mtaa wetu wa Rubondo mikono mitupu kwa mama yangu mgonjwa, ambaye dawa zake zilitoka katika mshahara ule. Nilikasirika kweli.

Wavivu hatukuwa. Ghala lilijengwa mtelemkoni: sukari, chumvi na sabuni juu, mlango wa lori chini. Kila mwenye duka wa Isingiro alitaka mzigo wake utolewe peke yake, usichanganyike na wa jirani, kwa hiyo kwa kila mmoja tulipanda, tukashuka, tukapanda tena. Siku yetu ililiwa na miguu, si mikono. Nilipoling'amua hilo nilicheka peke yangu kama mwehu.

Jumapili nilikwenda Rubondo kwa seremala mmoja, mkimbizi kutoka Kongo, aliyechonga chukudu, zile baiskeli za mbao za kwao ambazo mtu huzipanda akateremka nazo mlima na mzigo wake. Nikamwomba vigari viwili, vifungwe kamba moja inayozunguka gurudumu kule juu: kilichojaa kikiteremka, kikivute kitupu kipande juu.

"Mama, iko muzuri," alisema. "Itatembea yenyewe. Batu batashangala."

Walishangaa kweli. Tulitandika mbao za njia kule ghalani, tukajaza katoni za sabuni, fundi akaachia. Kigari kiliondoka kwa adabu, kisha adabu ikakiishia. Kamba ilikatika, kikatoka mlangoni mbio na kumwaga sabuni barabarani, mbele ya wanajeshi wa kambi ya jeshi ya mjini waliokuwa wakipita. Walicheka mpaka wakashikana mabega.

Fundi alijishika kichwa. Maisha yake yote alitengeneza chombo chenye mtu juu yake, anayekanyaga kipande cha mpira wa tairi kwenye gurudumu ili kupunguza mwendo. Kigari changu hakikuwa na mtu, na breki hakuiwaza kabisa.

"Nilisema nini mimi?" Hajji akafoka.

"Hajji, nipe mpaka mkesha wa Idi," nilimjibu. "Tukishindwa, nitaondoka bila kufukuzwa."

Wenzangu walinitolea macho, maana nilikuwa nimeziweka rehani na kazi zao. Lakini fundi hakulala kazini. Alileta kamba nene, akaufunga ule mpira kwenye gurudumu la juu, ili mmoja wetu aukanyage akiwa kule kule kwenye bidhaa.

Mkesha wa Idi maduka yote yalitaka mizigo kwa pamoja. Mimi nilibaki juu, mguu kwenye mpira, wenzangu wengine wakijaza mbele yangu, wengine wakipokea kule chini. Mzigo wa duka moja ukishuka, kigari kitupu kilikuwa kimeshafika kwetu kudai mzigo wa duka linalofuata. Hakuna aliyepanda, hakuna aliyeshuka. Haraka haraka haina baraka, wanasema, lakini siku ile baraka ilikuja mbio. Adhana ya alasiri ilitukuta lori limejaa na turubai limefungwa, na sisi hata jasho hatuna. Nilijisikia mkubwa kuliko ghala lenyewe.

Vijana wa sokoni walikuwa wamekwisha kuja bila kungoja Idi iishe, wamesimama mlangoni na vifua vyao, wakingoja kuonyeshwa kazi. Hajji alilitazama lori, akavitazama vigari, akakohoa.

"Mama," aliniambia, "ambia hawa vijana warudi soko."

Angeweza kuwaambia mwenyewe. Nilijifunga khanga vizuri, nikashuka taratibu, na neno lile nikawaambia mara mbili, wasije wakasema hawakusikia.