Fomu Imesema Kogo Si Msanii

Leo fomu yangu imemkataa msanii bora niliyewahi kukutana naye.

Nilikuwa Sosiot kwa ule utafiti wetu wa wasanii. Watakaoingia kwenye orodha ndio watakaolipwa kufundisha vijana.

Kogo, nyanya wa watu, hupamba vibuyu vya mursik, yale maziwa ya kugandishwa, kwa shanga na ngozi, vile vya kumpa bibi arusi. Pale kijijini amebaki peke yake. Tayari alikuwa amewaita wasichana wawili waje wajifunze.

Swali la nne: mwaka jana umeuza vingapi?

"Kuuza?" Akacheka. "Wewe msichana, kibuyu cha bibi arusi kinauzwa? Kwani mimi ni duka?"

Huwa anawapa tu. Ndiyo desturi.

Nikaandika sifuri kwenye simu. Fomu ikajifunga: *mhojiwa si msanii*.

Nikatoka nje nikampigia msimamizi. Akacheka pia, lakini vibaya.

"Si ni wewe uliweka hilo swali, msomi? Ulituambia bila mauzo ni mapambo ya nyumbani tu."

Ni kweli. Nililitunga mimi, ofisini, nikajisifu.

Nikarudi nikamsihi Kogo aseme ameuza kimoja tu.

Akakunja uso. "Wale niliowapa watauliza nimeuza cha nani. Niwaambie nini?"

Akanijazia kikombe cha chai.

"Lakini jina langu umeandika, sivyo?"

Nikasema, "Ndiyo, Kogo."

Wale wasichana wanakuja kwake Jumamosi. Anayejua nitamwambia nini kabla ya hapo, aniandikie hapa chini.